Beberu wa Makungu na Kikohozi cha Bi Mize

Hapo zamani, watu walipokuwa wakiringia kete kuliko mashamba, palikuwa na bwana mmoja wa Mtende, jina lake Shaame. Kufungwa bao kwake kulikuwa kama kula: kila siku, na akibahatika, mara mbili. Siku moja, kwa hamaki, akamweka dau mbuzi wa maziwa. Mbuzi wa mkewe, Bi Mize. Ruhusa hakuomba.

"Nami namweka beberu wangu," akasema Makungu, bingwa wa mji. "Kaa, nikunyonyoe."

Wakakaa barazani, ubao katikati. Habari zikamfikia Bi Mize, akaja mbio, akasimama nyuma ya mumewe na mwiko mkononi. Desturi ya baraza ni moja: mtazamaji hasemi.

Makungu akala, akala tena. Zamu ya Shaame ikafika, jasho linamchuruzika mpaka ndevuni. Akapeleka kete shimoni. Lakini Makungu alikuwa na ugonjwa: hawezi kuona mchezo mbovu akanyamaza.

"We Shaame! Shimo langu la mbele yake ni tupu, utakula upepo? Weka hili la pili! Humo unazo kete, na mbele yake zangu tele. Hata kula hujui?"

"Ahsante, bwana," akasema Shaame. Akaweka, akazikomba kete za bingwa.

Sasa azitawanye kuanzia kulia au kushoto? Mkono ukaenda kulia. Nyuma yake Bi Mize akakohoa kama aliyemeza mwiba. Mkono ukahamia kushoto. Kikohozi kikapona hapo hapo.

"Mkeo anaumwa?" akauliza Makungu.

"Vumbi tu, shemeji," akajibu Bi Mize.

Shaame akatembeza kete, moja moja kila shimo. Ya mwisho ikaangukia kwenye shimo lake kubwa, lile waliitalo nyumba. Hapo mwenyewe ana hiari: asimame, akiba yake isalimike, au aikombe yote aendelee, afe au apone. Makungu, safari hii, midomo kaiuma. Bi Mize kimya; hata yeye hajui.

"Potelea mbali!" Shaame akafumba macho, akaikomba nyumba nzima. Akatembeza, akala, akatembeza, akala, mpaka safu ya mbele ya Makungu ikabaki mashimo matupu, na bingwa bado kashika kete zake!

"Kafungwa mkononi!" baraza zima likapiga kelele. Aibu hiyo, kushindwa kete zingali mkononi, haina dawa.

Shaame akamshika beberu kamba. Makungu akamdaka pembe.

"Haondoki! Shimo nimelionyesha mimi. Nimejifunga mwenyewe, basi mshindi ni mimi!"

Bi Mize akamkamata mkia. "Na upande kaonyesha nani? Koo langu limechubuka! Tena aliyewekwa dau ni mbuzi wangu, wala sikuulizwa!"

"Na nyumba ilipokombwa mlikuwa wapi?" akafoka Shaame. "Mmoja kauma midomo, mwingine kashika mwiko. Moyo uliodunda ni wa nani?"

Wakavutana, pembe huku, mkia kule, beberu analia kwa niaba ya wote.

Haya, msinitolee macho mimi. Semeni nyinyi: beberu huyu alistahili kufungwa kamba mlangoni kwa nani?