Bunduki Iliyowahesabu Wageni wa Harusi

Kaeni chini. Aliye na kiu anywe sasa, maana nikianza sisimami, na mwishoni nitawauliza swali ambalo mimi mwenyewe sina jibu lake.

Palikuwa na bonde liitwalo Isunga, lenye ng'ombe wengi na mlango mmoja tu, njia nyembamba ipitayo kati ya vilima viwili. Katika bonde hilo waliishi watu watatu ambao nataka muwajue mapema.

Wa kwanza ni Sagenda, mchunga mbuzi. Huyu alikuwa na macho. Watu wakiwa mbali kiasi kwamba wewe unaona vumbi tu, yeye angekuambia yule ni fulani, na leo goti linamsumbua.

Wa pili ni Kwandu, fundi wa redio, simu na kila chenye waya. Huyu alikuwa na kichwa. Kitu akikifungua mara moja alijua kinavyofikiri, na hakukisahau.

Wa tatu ni Gindu, mjane na mfugaji. Huyu alikuwa na miguu, na pamoja na miguu alikuwa na sauti. Sisi wengine huwaswaga ng'ombe kutoka nyuma, kwa fimbo na makelele. Gindu alitangulia mbele, akaita, nao wakamfuata kama watoto wanaoelekea kwenye chakula.

Sasa, kwa miaka mitatu watu wa bonde la pili, Ng'wale, walikuja Isunga kuiba ng'ombe, na watu wa Isunga wakaenda Ng'wale kulipiza. Nani alianza, msiniulize. Kila upande una jibu lake. Mwishowe Isunga walichoka kuzika, wakanunua bunduki inayojiendesha yenyewe. Ikasimikwa juu ya mnara wa chuma, ikitazama ile njia. Ilikuwa na jicho lake na akili yake, wala haikuhitaji mtu wa kufyatua. Walioiuza walisema, "Ifundisheni jinsi adui yenu anavyokuja, halafu nendeni mkalale." Watu wakaiita Mlinzi.

Wakamfundisha, na kazi hiyo akapewa Kwandu. Wezi huja kwa mstari, mmoja nyuma ya mwenzake. Vichwa vimefunikwa. Fimbo ndefu begani. Kimya. Mlinzi akayashika yote. Akiwaona watu wa namna hiyo, taa yake ya kijani hugeuka nyekundu, naye huwahesabu na kuwafuata kwa mtutu mpaka wafike kwenye jiwe jeupe. Wakilipita jiwe, anapiga. Na taa ikishakuwa nyekundu, Mlinzi hazimwi na mtu yeyote. Walihofu kwamba mwizi angeweza kumkamata mtu wa Isunga na kumlazimisha azime.

Akafanya kazi. Usiku wa kwanza alipiga risasi moja, ikagonga mwamba, wezi wakakimbia, na kwa mwaka mzima hakurudi hata mmoja. Watu walilala wakaamka, na ng'ombe walikuwepo. Watu wa mabonde yale mawili wakaanza kusalimiana mnadani, kisha zahanati, na mwisho kijana wa Ng'wale aitwaye Lugembe akamwona Limi wa Isunga, asitake tena kusikia la mtu mwingine. Wazazi wakakubaliana. Ndoa hiyo ndiyo ingemaliza vita.

Hapa nisikilizeni vizuri. Katika mabonde yale, msafara wa bwana harusi una desturi yake. Wanakwenda kwa mstari mmoja. Wanafunika vichwa kwa shuka. Kila mtu ana fimbo begani. Hawasemi neno, la mdomo wala la simu, mpaka mama wa bibi harusi awape maziwa. Na wakishakanyaga njia ya ukweni hawasimami wala hawarudi nyuma, maana kurudi nyuma ni kumkataa binti.

Kila mtu Isunga aliijua desturi hiyo. Kila mtu alijua Mlinzi alifundishwa nini. Lakini tangu Mlinzi asimikwe hakuna msafara uliowahi kupita pale, na siku ya shughuli mtu ana kuni mbichi, ana sufuria za kuazima, ana wageni wasio na pa kulala. Hakuna aliyeyaweka mambo hayo mawili pamoja.

Saa nne asubuhi wageni kumi na watatu wakaingia njiani.

Sagenda alikuwa kilimani na mbuzi wake. Kule kijijini taa haikuonekana, kwa kuwa mnara uliwapa mgongo. Yeye aliiona inageuka nyekundu. Akatazama njiani, akaona mstari, vichwa vimefunikwa, fimbo begani. Mtu mwingine angesema wezi, na angefurahi kwamba Mlinzi yuko macho. Sagenda alitazama miguu. Wa tatu kutoka mbele alikuwa akiutupa mguu wa kushoto upande, na katika mabonde yote mawili ni mtu mmoja tu anayetembea hivyo, Lugembe. Akatoa simu.

"Dada Kwandu, Mlinzi wako ana taa nyekundu."

"Si wangu, ni wa kijiji. Nani anakuja?"

"Mashemeji."

"Wamefika wapi?"

"Mpaka kwenye jiwe jeupe, ni muda wa kuchemsha birika la chai. Birika dogo."

Kwandu alikuwa uwanjani akitengeneza spika ya harusi. Aliweka bisibisi chini, akawaambia watu, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Uwanja ukachafuka. Mmoja akasema wapigiwe simu. Simu zao zimezimwa. Mwingine akasema tukimbie tukawasimamishe. Hawatasimama, na atakayekimbilia kule na fimbo yake Mlinzi atamhesabu wa kumi na nne. Bi Milembe, mama yake Limi, alikuwa ameshika kibuyu cha maziwa kwa mikono miwili. Akasema, "Kwandu, fanya kitu."

"Ndicho ninachofanya, mama."

Alikuwa akipitia kichwani kila alichomfundisha Mlinzi, moja baada ya jingine, kama mtu anayepekua sanduku. Akafika alipopataka. Wachungaji wa Isunga wanaporudi nyumbani nao hupita njia ile, na baadhi yao hufunika vichwa kwa jua, kwa hiyo ilibidi Mlinzi awajue. Alimfundisha hivi: anayekuja bondeni na ng'ombe mbele yake ni mtu wa nyumbani. Mwizi huondoka na ng'ombe, haji nao.

"Wawekewe ng'ombe mbele," akasema. "Kabla ya jiwe. Vichwa vya ng'ombe vitazame huku."

Vijana watatu wakaruka kwenda zizini. Akawazuia. "Mkiwaswaga kwenda kule, Mlinzi ataona watu wanaondoka na ng'ombe wa Isunga. Atawapiga ninyi kwanza. Mwizi huswaga kutoka nyuma; anatakiwa mtu anayetangulia, na ng'ombe wamfuate."

Wote wakamgeukia Gindu.

Gindu alikuwa akichambua mchele. "Wangapi?" akauliza.

"Watakaokubali."

"Na nikiwa mbele, bunduki itaniona?"

"Itakuona. Utakuwa mtu mmoja, huna fimbo, kichwa wazi. Nadhani haitajali."

"Unadhani."

"Ndiyo. Nadhani."

Gindu akavua kanga ya kichwani, akamkabidhi jirani yake ungo, akaenda. Aliwaita ng'ombe, tisa wakatoka. Alikimbia kwa namna ambayo ng'ombe wanaweza kuifuata, si haraka sana wakashtuka, si polepole wageni wakalifikia jiwe. Alipita chini ya mtutu bila kuutazama. Alilipita jiwe jeupe, na hatua arobaini mbele yake akakutana na mashemeji, wanakuja, hawapunguzi mwendo.

"Shikamooni," akasema. "Msijibu, najua."

Hapohapo akazunguka, akaita kwa sauti nyingine, na ng'ombe mmoja mmoja wakageuka mpaka vichwa vyote vikatazama kijijini. Ukitaka kujua ugumu wa jambo hilo, jaribu na ng'ombe mmoja tu. Akawaambia wageni, "Fuateni mikia. Atakayekanyaga mavi anyamaze vilevile."

Ng'ombe wa kwanza akalipita jiwe. Taa nyekundu. Wa pili. Taa nyekundu. Sagenda kule kilimani alisahau kabisa mbuzi wake. Wa tatu na wa nne wakapita pamoja, na taa ikawa ya kijani. Mtutu ukarudi kutazama njia tupu, na wageni kumi na watatu wakaingia Isunga nyuma ya ng'ombe tisa.

Bi Milembe akawapa maziwa. Lugembe aliyanywa yote, akafuta mdomo, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, sisi hatukujua kwamba huku wageni wanapokelewa na ng'ombe."

Watu wakacheka. Kisha wageni wakaambiwa sababu, na shangazi mmoja wa Ng'wale akaweka kikombe chini, akakaa palepale kwenye vumbi na nguo yake mpya. Baadaye naye akacheka. Ilikuwa siku njema. Watu wote walikuwa hai, nyama ilikuwa imeiva.

Likabaki jambo moja. Desturi inasema mama wa bibi harusi anatoa mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, ampe mtu aliyewafikisha wageni salama. Ni mtu mmoja, si wawili. Mtamba hauzwi, hachinjwi wala hagawanywi. Anayempokea anaitwa mtu wa njia. Neno lake kuhusu njia ile ndilo la mwisho, na lolote likimpata mkwe akiwa njiani, mtu wa njia ndiye anayejibu. Mpaka mtamba apate mwenyewe, bibi harusi hatoki ndani.

Sagenda akasogea mbele. "Mtamba ni wangu. Bila macho yangu mngesikia milio mkadhani ni fataki za harusi."

Kwandu akasema, "Ni wangu. Bila kichwa changu ungewaona vizuri sana wakifa."

Gindu akasema, "Na bila miguu yangu mngekuwa na macho na mawazo, mawazo yenyewe yamekalia ndoo."

Mjomba wa Limi, ambaye hawezi kukaa kimya penye watu, akasema, "Mpeni Mlinzi. Si yeye aliyekubali kuacha?"

"Hakukubali wala kukataa," Kwandu akamjibu. "Aliona ng'ombe."

"Basi wapeni ng'ombe."

Bi Milembe alisubiri kicheko kiishe. Alikuwa na kamba ya mtamba mkononi. "Mmeshanieleza mlivyowaokoa," akasema. "Nielezeni na hili. Wangekufa, nani kati yenu angekuja hapa mbele yangu, kama mlivyokuja sasa?"

Hapo hawakugombania nafasi. Mwishowe Kwandu akasema, "Ningekuja mimi, maana mimi ndiye niliyemfundisha. Lakini nisingekuja peke yangu. Sagenda, wale wezi aliofundishiwa walikuwa wa kuigiza, na kiongozi wao ulikuwa wewe. Siku mbili ulipita mbele ya jicho lake, shuka kichwani, fimbo begani. Anachokitafuta Mlinzi ni mwendo wako."

"Niliigiza nilichoambiwa," Sagenda akasema. "Aliyesimama mkutanoni akataka Mlinzi asizimike taa ikiwa nyekundu, si mimi."

"Ni mimi," Gindu akasema. "Mume wangu aliwekewa kisu shingoni afungue zizi. Akafungua, na wakamuua. Mngeniuliza tena jana, ningesema vilevile."

Watu wa Ng'wale wakatazama chini. Lugembe akasema polepole, "Na bila sisi, mnara ule usingekuwepo."

"Wewe subiri mke wako," Bi Milembe akamwambia, bila ukali. Akawageukia wale watatu. "Mtu wa njia ndiye atakayesema Mlinzi afanywe nini. Nikikupa kamba hii, kesho asubuhi utafanya nini?"

Sagenda akasema, "Nitamshusha. Nitakaa pale mwenyewe na macho yangu, na baada yangu atakaa mwingine. Nikisinzia siku moja, ng'ombe wataibwa, labda na mtu atakufa. Lakini mtakuwa na mtu wa kumlaumu, na mtu huyo atakuwa anajua Lugembe anatembeaje."

Kwandu akasema, "Nitamfundisha upya. Misafara ya harusi, misafara ya msiba, watoto wa shule, wote atawajua. Hasinzii, na hana kisasi. Mwaka mzima hajaua, na sisi kabla yake tuliua kila mwezi."

"Na lile tutakalolisahau?" Bi Milembe akauliza.

"Tutamfundisha tukilikumbuka."

Gindu akasema, "Atabaki, lakini hatapiga mpaka nimwambie piga. Kidole kitakuwa changu. Najua watakachosema, kwamba mwizi atanikamata. Anaweza kunikamata. Na siku nyingine nitakuwa na hasira, maana nawajua walioniulia mume, na wengine wako hapa wanakunywa maziwa. Lakini leo nimepita chini ya kile kitu, na mle ndani hamkuwa na mtu wa kumsihi."

Bi Milembe akawatazama mmoja baada ya mwingine. Wali ulikuwa unapoa. Ndani, Limi alikuwa ameshavaa, anagonga ukuta kuuliza kama bado. Mashemeji walikuwa na njaa, na kwa adabu yao hawakusema.

Aliyeona, aliyewaza, aliyekimbia. Toa mmoja tu, na kumi na watatu wanazikwa. Na katika kumfanya Mlinzi alivyo, kila mmoja aliweka mkono wake.

Sasa chukulia kamba imo mkononi mwako, na usisahau kwamba utakayempa mtamba umempa na njia, na watoto wa Limi wataipita kila mwaka kwenda kwa bibi yao. Ungemkabidhi nani?