Kwa Nini Kifaru Hupigiwa Hodi na Ndege

Nyie mnaocheka kwamba shashi, ndege asiyejaza hata kiganja, ati anaitwa askari wa kifaru, sogeeni karibu. Jina hilo halikutolewa kwa mzaha.

Siku zile kifaru alikuwa mkazi wa mjini. Alikaa nyuma ya soko la wanyama, na kila aliyepita alimwamkia, "Shikamoo, Afande," kwani ndiye aliyewatimua fisi walipouvamia mji. Bi Digidigi, ajuza mjane asiyemfikia goti, alimpenda kuliko wote. Vita vilipopamba moto, Kifaru alilala kizingitini pake mpaka fisi wakakata tamaa. Tangu hapo ajuza akamwita mwanangu, na kila jioni akimpelekea majani mabichi ya mgunga.

Vita vilipokwisha, Mwenyekiti Tembo aliona ni hasara nguvu zote zile kukaa bure. Akamwongezea Kifaru kazi ya kukamata wezi. Adui ni adui, alisema, na kamati ikapiga makofi. Kamati ile haikuwa na kazi nyingine.

Haukupita muda, boga la Bi Digidigi likaibwa. Akamwita mwanawe. Kifaru akaja mbio, kichwa chini, kama alivyozoea kuwaendea fisi. Akapita ukutani, akapita jikoni, akatokea upande wa pili kitanda kikining'inia kwenye pembe.

"Hodi!" akasema, akiwa ameshatoka.

"Karibu, mwanangu," akajibu Bi Digidigi kutoka chini ya paa lililoanguka.

Kifaru akapeleka taarifa kwa Tembo: hali imedhibitiwa. Ngedere, mwizi mwenyewe, alikuwa juu ya mti akila boga na kutazama. Kifaru hakuwahi kupigana na adui wa juu.

Baada ya hapo hakuna aliyeripoti wizi tena. Kanga, jirani yake Bi Digidigi, aliibiwa mtama mara kwa mara akanyamaza, maana alikuwa ameatamia mayai. "Bora nilale njaa, shoga," alinong'ona, "kuliko nisaidiwe." Tembo naye, kwa kuwa malalamiko yamekoma, akatangaza kwamba wizi umekwisha. Akaitisha baraza ili Kifaru akabidhiwe kazi ile kwa maisha yake yote, na kesho yake aanze ukaguzi wa nyumba kwa nyumba, akianzia kwa Kanga.

Barazani kila mtu alitazama kwato zake mwenyewe. Bi Digidigi alijua kwamba akisema atamuumiza aliyemwokoa. Na akinyamaza, mayai ya Kanga yatageuka uji. Akasimama, ingawa kwa kimo chake wengi hawakuona tofauti.

"Mwanangu," akasema, "bila wewe leo ningekuwa mifupa. Lakini boga langu halikuibwa na jeshi. Fisi huendewa kwa pembe. Mwizi wa boga huendewa na mtu anayebisha hodi, akauliza, akasikiliza anachojibiwa."

Kifaru akainamisha kichwa; waliokaa mbele wakahama haraka. "Mama, mimi kuuliza sijui," akasema polepole. "Nikishaanza kwenda, hata kusimama sijui."

"Najua, baba. Ndiyo maana nakutaka mpakani, fisi wasirudi."

Ndipo Shashi, aliyezoea kuwatoa watu kupe bila kuwachubua, akauliza kama kwa kazi ya kukamata wezi ni lazima uwe na pembe. Tembo akajibu kwamba swali hilo linahitaji kamati. Kabla kamati haijakaa, Shashi alikuwa ameruka hadi kwa Ngedere, ambaye chini ya mti wake palijaa maganda ya boga, amebisha hodi na kuulizia boga. Ngedere alikana kabisa, mbegu zikimdondoka mdomoni.

Basi Shashi akapewa mji, Kifaru akapewa mpaka. Bi Digidigi alimsindikiza mwanawe hadi kwenye miiba ya mpakani, akalia, akampangusa pua. Kisha akamvuta Shashi pembeni: "Ukiwa huna kesi, ukae mgongoni kwake. Huyu atatukumbuka, na akitukumbuka atakuja kusalimia."

Na tangu siku hiyo kifaru huishi porini peke yake, na shashi huzunguka migongoni mwa wanyama akiwatoa kupe mmoja mmoja. Ukipita vichakani ukasikia mluzi wake mkali, hiyo ndiyo hodi ya kifaru. Itikia "karibu" kwa adabu, maana anayekuja hana ubaya na mtu. Ila uitikie ukiwa juu ya mti.