Kanzu ya Jumbe na Maji ya Mwisho

Hadithi iko mlangoni, wajukuu zangu, imevua viatu, inangoja. Iingie? Semeni iingie. Haya, imeingia, imekaa kitako. Na wewe kaa, usinivute kanga.

Imetoka mbali hadithi hii. Imetoka zama ambazo mawe yalikuwa bado laini na nyanya wa nyanya yangu hajakatwa kitovu. Zama hizo palikuwa na mji ukiitwa Mwachokaa, kuta zake zote nyeupe, na mji huo ulikuwa na Jumbe, na Jumbe alikuwa na kanzu nyeupe aliyoachiwa na babu zake. Aliivaa asubuhi ya Siku ya Mwaka tu, akatoka nayo barazani watu wote wamwone.

Ikitoka nyeupe, mwaka mwema. Ikitoka na umanjano, basi. Watu wa Mwachokaa hawakuwa wakiuliza imefuliwaje. Walisema umanjano ni kinyongo, kimetoka mkononi mwa mfuaji kikaingia kwenye uzi. Mfuaji alitolewa nje ya lango, upatu wa shaba unapigwa nyuma yake ngo, ngo, ngo, na lango likafungwa. Harudi.

Mfuaji wa mwaka ule alikuwa Mize, mwanamke kijana aliyerithi kazi kwa nyanya yake, Bi Mosi, aliyekufa kabla ya mvua. Na siku moja kabla ya Siku ya Mwaka, Mize alisimama uani kwa Jumbe akiitazama kanzu kwenye kamba, na kanzu ilikuwa ya manjano.

Si kwamba hakuifua. Aliifua, akaikamua, akaianika, ikatoka na umanjano shingoni. Akaongeza sabuni, akaifua, akaikamua, akaianika, ukashuka kifuani. Akaongeza sabuni tena, ile ya majivu na mafuta ya nazi, akasugua mpaka vidole vikamchubuka. Akaianika. Umanjano ukafika kwenye pindo.

Wanawake waliokuja kutwanga mchele wa sherehe walikuwa wakimwangalia pembeni. Siwatu, ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika, akasema, "Shoga, hiyo ni kanzu au wali wa bizari?"

Hakuna aliyecheka. Bi Shekuwe, dada mkubwa wa Jumbe, alikuwa ameshafika. Alilishika lile pindo kwa ncha za vidole.

"Mize. Una neno na kaka yangu?"

"Sina, Bibi."

"Nguo inasema unalo."

"Nipe jua la leo, Bibi."

Bi Shekuwe akatazama kivuli cha ukuta. "Kivuli hiki kikifika kisimani, nitakuja na mwenye upatu. Ufungashe vyako kabisa, usije ukanichelewesha."

Akaondoka. Michi ikaendelea kutwanga, lakini polepole, kama watu wanaosikiliza.

Mize akaiteremsha kanzu, akaitumbukiza kwenye chungu cha maji safi, akachukua kipande cha sabuni. Akainua kiganja kilicholowa kupangusa jasho usoni, na tone likamwingia mdomoni.

Lilikuwa chungu. Sabuni hata hajaitia bado, na maji yale yalikuwa machungu kama jivu.

Akasimama pale pale na sabuni mkononi. Na kichwani, sauti ya Bi Mosi, ile sauti ya kukwaruza: "Sabuni ni mgeni, Mize. Akishakusaidia kazi, mtoe nje. Akilala ndani ya nguo, jua linampika, anakuwa manjano." Akamwona nyanya yake akiteka kata ya maji ya mwisho na kuyanywa. Mize alikuwa akidhani ni kiu, kumbe alikuwa akionja kama sabuni imetoka.

Lakini ngojeni, niwaambie kwa nini Mize hakusuuza vizuri. Mwachokaa kulikuwa na mwiko. Maji yaliyosuuza kanzu ile yana jasho la Jumbe, na atakayeyakanyaga amemkanyaga Jumbe mwenyewe. Hayamwagwi uani. Na kanzu haitoki uani. Kwa hiyo mfuaji, peke yake, huyabeba kichwani, mtungi kwa mtungi, mpaka kwenye mikoko nje ya mji. Bi Mosi aliyabeba miaka yote mpaka shingo ikapinda. Mize aliyabeba safari ya kwanza, jua likamchoma, akajiambia inatosha. Hofu ilimzidishia sabuni, na safari ikampunguzia maji. Mnaona?

Sasa kivuli kilikuwa kimeshavuka nusu ya ua, na mikoko iko mbali.

Mize akakishika chungu kwa masikio yake, akakiinamisha, akayamwaga maji papo hapo.

Mchi wa Siwatu ukaanguka kinuni. Maji yakatambaa uani, yakajitandaza mbele ya mlango, na wanawake wakarudi nyuma, wamekusanya kanga zao, wakipanda juu ya vinu na magogo. "Amemmwaga Jumbe," akanong'ona mmoja.

Ngo. Kivuli hakijafika kisimani, lakini mwenye upatu alikuwa tayari mlangoni. Bi Shekuwe mbele yake, na maji yamesimama baina yake na Mize.

Mize akaisuuza kanzu kwa maji mapya, akateka kata, akanyoosha mkono juu ya yale matope.

"Onja, Bibi, kabla hujanitoa."

Bi Shekuwe akaonja. Akatema kwenye upindo wa kanga.

"Hicho ndicho kinyongo changu," akasema Mize. "Ni sabuni. Nimeiacha ndani kwa sababu sikutaka kubeba maji. Kosa langu, sikatai. Lakini nikienda mikokoni sasa, jua halitanisubiri."

Mwenye upatu akainua kigongo chake, akamtazama bibi.

Bi Shekuwe aliyatazama maji. Kisha akavua viatu, akainua kanga, akaweka mguu ndani ya tope. Na wa pili.

"Kaka yangu nimembeba mgongoni akiwa mtoto," akasema. "Alinilowesha kwa mengine, sembuse jasho. Siwatu, shuka kwenye kinu. Teka maji."

Wakateka. Wakasuuza, wakaonja, chungu. Wakamwaga. Wakasuuza, wakaonja, chungu kidogo. Wakamwaga, mpaka ua wote ukawa tope na hakuna asiyelikanyaga. Mwishowe Siwatu akanywa kata, akafikiri, akanyoosha mkono aongezwe. Hapo Mize akakamua ndimu, akasuuza tena, akatia nili, ile buluu ya kung'arisha nguo, kidogo tu, kiasi cha kupaka ukucha, akaitandaza kanzu juu ya nyasi.

Wakakaa kuizunguka. Kivuli kikagusa kisima. Mwenye upatu akakohoa. Hakuna aliyethubutu kuigeuza ila Bi Shekuwe.

Asubuhi Jumbe alipotoka barazani, ukuta wa chokaa nyuma yake ulionekana mchafu kando ya kanzu ile.

Na mwaka ule uani, pale pale maji yalipomwagwa, paliota mrehani, na mpaka mji ulipokufa watu waliukanyaga wakienda kisimani.

Kwa hiyo, wajukuu zangu, kinachosafisha nacho hutolewa. Ukimkemea mwenzio, mkemee, kisha msuuze kwa neno jema. Usimwanike juani na ukali wako ndani yake, halafu useme amegeuka.

Hadithi imeshiba, inavaa viatu. Anayeipenda aisindikize. Asiyeipenda, kanzu yake ya Ijumaa iko kwenye beseni, akaonje maji yake.