Bafta, Ngoma na Baiskeli

Nawapa hadithi, nanyi mtanipa hukumu. Sikilizeni hadi mwisho, maana mimi mwenyewe imenishinda.

Katika kijiji cha Nakatete, kando ya mto wenye mamba, waliishi majirani watatu. Somoe alijua kufunga: mzigo, kuni, kidonda, alichokifunga hakikufunguka. Likwata alijua kupiga ngoma, na mkono wake haukutetemeka. Chilumba alijua kuendesha baiskeli mahali ambapo wengine hushuka na kusukuma.

Msimu wa korosho ulipokwisha, kila mmoja alitumia fedha zake kwa kitu alichokithamini kuliko vyote. Somoe alinunua bafta ya sanda, kwa sababu mama yake, mgonjwa wa siku nyingi, aliomba azikwe katika nguo mpya. Likwata alinunua ngoma. Chilumba alinunua baiskeli.

"Shoga, wenzio wananunua vitanda, wewe umenunua kifo!" Fatu, jirani yao, alimtania Somoe.

"Na wewe je? Fedha unazitazama tu."

"Nasubiri mapipa ya kukingia mvua. Sitaki Tausi wangu ashuke mtoni."

Tausi ni binti yake, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Mapipa yalichelewa kufika dukani, kwa hiyo kila asubuhi Fatu alishuka mwenyewe. Asubuhi moja mamba alimkamata mguu.

Likwata alikuwa akirudi kutoka kijiji cha pili, ngoma begani. Alisikia ukelele mmoja, kisha kimya. Alipofika alimkuta Fatu ameng'ang'ania mzizi, maji yamemfika kifuani. Likwata hakuwa na panga wala rungu. Aliingia majini hadi kiunoni, akamshindilia mamba ngoma machoni. Mamba aliachia mguu, akauma ngoma, akazama nayo, na Likwata akamvuta Fatu hadi ukingoni.

Somoe alifika akaona damu inaruka. Alikimbia nyumbani, akafungua sanduku. Mama yake alikuwa macho.

"Mama, nachukua bafta yako."

"Chukua. Mimi bado sijafa."

Aliichana, akalifunga paja la Fatu, akakaza. Damu ikapungua, halafu ikasimama. Kwa kipande kilichobaki alimfunga Fatu mgongoni mwa Chilumba, aliyekuwa amefika na baiskeli yake.

Zahanati ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Katikati ya njia mwiba ulitoboa gurudumu la nyuma. Chilumba alikuwa na viraka mfukoni, lakini nyuma yake Fatu alikuwa ameacha kulia.

"Dada Fatu, sema kitu! Nitukane basi!"

Kichwa cha Fatu kilimwangukia begani. Chilumba hakusimama. Aliendesha juu ya ringi tupu, spoku zikikatika moja baada ya nyingine. Fremu ilipasuka mlangoni mwa zahanati.

Mganga aliwaambia ndugu, "Angekosekana mmoja tu kati ya hao watatu, leo mngekuwa mnachimba kaburi."

Fatu alipona, ila mguu ulikatwa chini ya goti. Matibabu yalimeza sehemu kubwa ya fedha zake. Zilizobaki zingetosha kitu kimoja: bafta, au ngoma, au kutengeneza baiskeli. Au mapipa, ambayo sasa yalikuwa dukani, na mvua imeanza kunyesha. Korosho nyingine ni mwakani.

Majirani watatu walikuja kumjulia hali. Walikunywa chai, wakasifu afya yake. Kisha Likwata akaweka kikombe chini.

"Tusidanganyane, dada. Naitaka ngoma yangu. Unyago unaanza Ijumaa, na wameshaanza kumtafuta mpigaji mwingine."

"Kamdai mamba!" Chilumba alimjibu. "Mimi nisipopeleka mkaa sokoni, wanangu wanalala na njaa."

"Mamba angekuwa na mfuko, ningeshamdai."

Walicheka, wote isipokuwa Somoe.

"Mama jana hakunywa hata uji," alisema Somoe. "Usiku ameniuliza kama bafta imerudi sandukuni. Nikamwambia imerudi."

Fatu alizishika fedha mapajani, hakujua amtazame nani. Tangu aliporudi kutoka zahanati, Tausi ndiye aliyekuwa akiteka maji. Juzi mamba alichukua mbuzi, palepale penye mzizi.

Nje, mtungi uligongwa kwa kata, ukalia mtupu.

"Mama, maji yameisha. Nashuka mara moja, narudi."

Basi, enyi mnaosikiliza, fedha ndizo hizo, na kitu ni kimoja. Ampe aliyempokonya mamba, au aliyezuia damu, au aliyemfikisha kwa mganga? Au anunue mapipa, kisha awatazame machoni watu hao watatu kila kunapokucha? Nipeni hukumu, na msikawie. Tausi ameshashika ndoo.