Mkunga Asiyeonja Dawa Yake

Sogeeni, na mlio nyuma mnyamaze, maana ngano hii haipendi kukatizwa.

Palikuwa na mwanamke, Mwanamize, mwenye mimba ya miezi minane. Akaja mkunga mgeni na kibuyu. "Mwanangu, hii ni mizizi mitupu ya porini. Ukinywa, utazaa bila uchungu."

Mwanamize akamtazama. Wenzake watatu walikunywa dawa hiyo. Walizaa usingizini, na walipoamka watoto hawakuwapo.

"Toa uchawi kwanza, bibi," akasema, kwani kwao anayekupa kinywaji hukionja yeye kabla yako.

"Leo nimefunga," bibi akajibu, akaenda zake.

Siku ya pili akaja tena.

"Toa uchawi, bibi."

"Jino linaniuma." Akaenda zake.

Siku ya tatu akaja.

"Toa uchawi, bibi, au rudi na kibuyu chako."

Bibi akakasirika. Akawaza, mimi kizee nina mimba gani? Akanywa funda kubwa.

Tumbo likamnguruma. Akaanguka magotini, meno yakamrefuka, mkia ukamtoka. Kumbe ni zimwi. Mwanamize akakimbilia mlangoni, lakini akasikia kichanga kikilia ndani ya kanga ya bibi. Akarudi, akakinga mikono. Akatoka mtoto wa kwanza, akatoka wa pili, akatoka wa tatu, wote wazima kama walivyomezwa.

Zimwi likalia kwa uchungu.

"Si ulisema uzazi hauumi, bibi?" Mwanamize akauliza, akawapeleka watoto kwa mama zao.

Ngano yangu ndiyo hiyo. Nimeionja kwanza, ndipo nikawapa.