Kiapo cha Mzee Malugu

Nyamizi alinyang'anywa shamba lake la mihogo. Baraza la kata lilimpa tajiri Kasubi, na kura iliyoamua ilikuwa ya Mzee Malugu, mjumbe wa baraza. Kesho yake Nyamizi akarudi barazani.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mjumbe huyu alikula kwa Kasubi kabla ya hukumu."

"Mimi? Sijawahi hata kuukanyaga ua wake," akasema Mzee Malugu, akaapa mbele ya wajumbe wote.

Nyamizi akapiga magoti. "Basi nisamehe, babu. Kumbe ni uzushi wa mke wa Kasubi. Anatangaza kisimani kwamba ulikwenda, wakachinja jogoo, ila firigisi ya mgeni akapewa dereva wao."

"Dereva?"

"Ndiyo, babu. Wewe ukatengewa shingo, eti ukashukuru sana."

Wajumbe wakaanza kucheka. Mzee Malugu akasimama, kofia ikamdondoka.

"Mtu mzima kama mimi nitengewe shingo? Firigisi nilikula mimi, kwa mkono wangu huu. Huyo dereva alikuwa nje anaosha gari."

Kicheko kikakatika. Mwenyekiti akamgeukia Nyamizi.

"Nenda kapalilie mihogo yako, binti."