Difu Kali

Watu wakisikia kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, huwaza mara moja wanasiasa wanaogombana na wananchi wanaolala njaa. Si vibaya. Lakini fahali si lazima wawe wakubwa hivyo. Hata familia moja inaweza kufuga wawili, nao wakishainamisha pembe, hakuna anayemuuliza aliye chini ya kwato zao anajisikiaje. Katika hadithi hii nyasi ni Jelagat wa Kitale.

Jelagat alikuwa dereva. Simaanishi dereva wa kupeleka mahindi sokoni, ingawa hilo pia alilifanya. Alikuwa dereva wa mashindano. Subaru ya buluu aliyoachiwa na marehemu baba yake aliiendesha kwenye barabara za udongo za Mlima Elgon hadi waliomcheka wakanyamaza. Sasa timu moja ya magari ya mbio ilikuwa ikitafuta dereva. Msimamizi wake, mama mmoja aitwaye Viola, alimwambia aje kwenye mashindano ya Bungoma amtazame. Akimridhisha, kiti ni chake. Jelagat alikuwa ameililia nafasi hiyo tangu usichana wake, na alijua haitabisha hodi mara ya pili.

Gari lilikuwa na dosari moja. Kwenye kona, gurudumu moja la nyuma lilizunguka bure likirusha vumbi, na mwendo ukapotea. Kosa lilikuwa la difu, yaani chombo kinachogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma. Difu ya kawaida ni kama mama anayempa chakula chote mtoto anayelia zaidi: gurudumu linaloteleza ndilo linalopewa nguvu. Ilibidi itafutwe nyingine, ya magari ya mashindano.

Hapo ndipo fahali walipoingia. Wa kwanza alikuwa Kimeli, kaka yake Jelagat, mwenye gereji mjini Kitale. Wa pili alikuwa Kabiru, mumewe, fundi naye, tena hodari. Hawakuwa wamesemezana tangu Krismasi, Kabiru aliposema mbele ya wageni kwamba shemeji yake hutengeneza magari kwa nyundo na maombi. Wageni walicheka sana. Kimeli hakucheka. Tangu hapo salamu zao zilipitia kwa Jelagat, na ushauri wao pia.

Kimeli alishikilia kwamba dawa ni difu yenye sahani za kubana, zinazolazimisha magurudumu yote mawili kuvuta pamoja. Kabiru hakulipinga hilo, ila alitaka pia giaboksi ibadilishwe, iwekwe yenye hesabu nyingine ya meno ili gari lichomoke haraka kutoka konani. Na difu ya nyuma ilingane nayo, kwa kuwa katika Subaru giaboksi huzungusha pia magurudumu ya mbele, na mbele na nyuma lazima ziende mwendo mmoja. Haya yote alimweleza mkewe mezani. Tazama sasa: wote wawili walikuwa sahihi. Wangekunywa chai pamoja mara moja tu, mambo yangekwisha. Wapi! Waligawana kazi kama watu wanaogawana shamba la urithi: Kabiru giaboksi, Kimeli difu, na mpaka katikati.

"Nimepata giaboksi nzuri Webuye," Kabiru alimwambia mkewe. "Wewe mwambie ndugu yako achukue ile difu kali."

Kwake yeye, kali ni ile yenye meno ya kuchomoka. Jelagat alilifikisha neno kama alivyolipokea. Kwa Kimeli, difu kali ni ile inayobana kuliko zote, basi. Alifurahi hata, akidhani shemeji amesalimu amri, na kuhusu giaboksi aliona tu kwamba ya zamani imechoka na inawekwa nyingine kama hiyo.

Akaenda Bungoma kwa Hiram, muuza spea, ambaye alimtolea difu mbili, moja ya kubana sana na moja ya meno ya kuchomoka, na kumuuliza giaboksi yao ina meno ya aina gani. Kimeli alisema ni ileile ya siku zote. Hiram hakuridhika.

"Pigia mwenye kuifunga kwanza," alisema. "Mbere na nyuma razima zikubaliane, bana."

Kimeli alijua hivyo. Fundi gani hajui? Namba ya Kabiru ilikuwa kwenye simu yake. Lakini kupiga maana yake ni kusalimu kwanza, na atakayesalimu kwanza ameshindwa. Alirudisha simu mfukoni akachukua ile inayobana.

Kila mmoja alifunga kifaa chake mwenzake akiwa hayupo. Jelagat aliuliza kama vinalingana. Kila mmoja akamjibu kwamba mwenzake ameshaambiwa. Alilijaribu gari kwenye udongo wa shambani, likashika kona vizuri mno, kwa kuwa udongo huacha magurudumu yateleze na kuficha mengi. Alilala akiwa na furaha.

Lami haifichi. Asubuhi ya mashindano, wakiwa njiani kuelekea Bungoma, gari lilianza kunguruma na kuwa zito, kama linavutwa huku na huku. Mbele ilitaka mwendo wake, nyuma wake. Kabla ya kufika Webuye kilitoka kishindo, harufu ya mafuta yaliyoungua, na giaboksi mpya ikawa imekufa.

Fahali wale walikuwa wakimfuata, kila mmoja na gari lake. Walisimama, wakaingia chini ya Subaru, mmoja upande huu, mmoja upande ule. Jelagat aliwasubiri watoke.

"Ile kali ni ipi?" aliuliza.

"Inayobana," alisema Kimeli.

"Ya meno ya kuchomoka," alisema Kabiru, karibu kwa pamoja.

Wakatazamana kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Simu ya Jelagat ikalia. Viola alitaka kujua yuko wapi, maana orodha inafungwa na kuna kijana mwingine wa kutazamwa. Jelagat alimwambia hatafika. Alimshukuru, akakata, akalia pale kando ya barabara bila kujificha.

Kulivuta gari hadi Kitale kulihitaji mikono miwili inayoelewana. Kabiru alishika kamba, Kimeli akamwelekeza, na baada ya muda wakawa wanaitana shemeji, hata wakacheka kidogo kuhusu ile nyundo. Jioni walikunywa chai pamoja. Jelagat aliwamiminia, akaketi, akawatazama wakipanga kwa sauti za upole difu ya kununua.

"Ya nini tena?" aliwauliza. "Kiti kimeshapata mtu."

Fahali hupatana wakarudi zizini na pembe zao nzima. Lakini wapiganapo, ziumiazo ni nyasi.